Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Watu Watano Isiyotaka Kuungana

Muhula unakaribia kwisha, na barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka kwa wanafunzi wa kompyuta wanaohangaika na kazi za kikundi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo yanawahusu wengi walioandika.

SWALI: Kwako Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. Tumepewa kazi ya watu watano: tuunde mfumo wa hesabu za chama, yaani wanachama wasajiliwe, wachange kila mwezi, wakope na kulipa kwa riba, na mweka hazina aweze kuona salio la kila mmoja. Wiki ya kwanza tuligawana kazi, kila mtu akaenda zake. Sasa zimebaki siku tisa. Mmoja wetu hufanya kazi kwenye duka la M-Pesa kila jioni na huja akiwa amechoka. Mwingine hana kipakatalishi. Wa tatu husoma jumbe zetu za WhatsApp bila kujibu. Wiki iliyopita nilijaribu kuunganisha sehemu zote, na hakuna hata moja iliyokubaliana na nyingine. Nilikesha siku mbili nikaandika upya sehemu ya mwenzetu wa nne, ambaye kwa kweli alikuwa amefanya kazi yake, ila kwa namna ambayo sikuielewa. Tangu hapo hatusemezani. Nafikiria kumaliza peke yangu na kuyaondoa majina yao kwenye ripoti. Je, nitakuwa nimekosea? (Mbeba Mzigo, Ngara)

JIBU: Mwanangu, usimalize peke yako, na majina ya wenzako usiyaguse bado. Nilipokuwa mwanafunzi nilimaliza peke yangu kazi ya watu wanne, nikiamini kwamba ninaokoa alama za wote. Siku ya kuwasilisha, mhadhiri alimuuliza kila mmoja aeleze sehemu yake, na wenzangu watatu wakasimama kimya mbele ya darasa zima. Mmoja wao alikuwa rafiki yangu tangu shule ya upili. Ninalikumbuka jambo hilo hadi leo, na ndiyo maana barua yako niliisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu.

Tuanze na programu yenyewe, kwa kuwa ninaamini ugomvi wenu ulizaliwa humo. Unasema mligawana kazi kisha kila mtu akaenda zake. Mlichokosa hapo ni makubaliano kuhusu mahali ambapo kazi ya mmoja inapokutana na ya mwingine, na nimesahihisha kazi nyingi za namna hii kiasi kwamba naweza kukisia mshono wenu ulipoachia. Mwanachama wa chama chenu bila shaka anatambuliwa kwa namba yake ya simu. Aliyeandika sehemu ya usajili aliihifadhi namba hiyo kama Wakenya wengi wanavyoitaja, ikianza na 07. Aliyeandika sehemu ya michango alisoma maelezo ya Daraja, mlango ambao Safaricom imewafungulia waandishi wa programu wanaotaka kuunganisha mifumo yao na M-Pesa, akaona namba zinatakiwa kuanza na 254, naye akazihifadhi hivyo. Aliyeandika sehemu ya mikopo aliona kwamba namba ni namba tu, akaipa safu yake aina ya tarakimu badala ya maandishi, na sifuri ya mwanzo ikadondoka, namba ikabaki ikianza na 7. Mwanachama mmoja amekuwa watu watatu. Akichanga shilingi 500, salio lake linasoma sifuri, na kila mmoja wenu akijaribu sehemu yake kando anaikuta inafanya kazi vizuri kabisa, kisha anaapa kwamba kosa ni la mwenzake.

Msidhani haya huwapata wanafunzi pekee. Mwezi Septemba 1999 chombo cha NASA kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa sababu programu ya upande mmoja ilitoa vipimo vya msukumo kwa ratili na upande wa pili ukavisoma kana kwamba ni nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Waliofanya kazi hiyo walikuwa wahandisi wenye uzoefu mkubwa, na makubaliano ya vipimo yalikuwepo kwenye maandishi, lakini hakuna aliyehakikisha kwamba yanafuatwa pale data inapovuka kutoka mikono ya hawa kwenda ya wale.

Kwa hiyo, kesho kaeni pamoja kwa saa tatu, nyote watano, bila kufungua kipakatalishi hata kimoja. Chukueni karatasi kubwa. Andikeni kila jedwali la hifadhidata, yaani mahali mfumo unapotunza data zake, jina la kila safu, aina yake, na mfano mmoja wa kinachoingia humo. Namba ya simu iwe maandishi, ianze na 254, na ibadilishwe mara moja tu, pale mtumiaji anapoiandika. Fedha zihifadhiwe kwa senti, kama nambari kamili, kwa kuwa kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida hupata 0.30000000000000004, na mweka hazina wa chama hawezi kusamehe jambo kama hilo. Kubalianeni pia kuhusu saa. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mifumo, huandika wakati wa kimataifa, ambao uko nyuma ya saa zetu za Nairobi kwa saa tatu, kwa hiyo mtu akituma mchango tarehe 1 saa nane usiku, mfumo unaweza kuuandika kuwa ni wa mwezi uliopita na kumtoza mwenye haki faini ya kuchelewa au kumwondolea mchelewaji faini inayomstahili.

Karatasi hiyo ikikamilika, msirudi kila mtu kwenye kona yake. Pitisheni kwanza uzi mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho: mwanachama mmoja asajiliwe, achange shilingi 500, na skrini ya mweka hazina ionyeshe 500. Hakuna mkopo, hakuna riba, hakuna rangi za kupendeza. Uzi huo ukipita, mna programu inayofanya kazi, ndogo lakini nzima, na kila mnachoongeza baada ya hapo mnakiongeza juu ya kitu kilicho hai. Vikundi vinavyoacha kuunganisha hadi usiku wa mwisho huwa havina programu hata wakiwa na mistari elfu tano ya msimbo, yaani maandishi ya programu. Kama mtachukua jambo moja tu katika jibu langu, naomba liwe hilo.

Acheni pia kutumiana faili zilizofungashwa kupitia WhatsApp. Tumieni Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ambayo Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 ili waandishi wa mfumo endeshi wa Linux waliotawanyika kote duniani waweze kubadilisha msimbo uleule bila kufutiana kazi. Kila mmoja awe na tawi lake, yaani nakala yake ya kufanyia kazi kando, aunganishe kazi yake kila siku, hata kama ni kidogo, na mwenzake mmoja aisome kabla haijaingia kwenye tawi kuu. Siku ya kwanza mtakutana na jambo ambalo huwatisha wengi: watu wawili wakiwa wamebadilisha mstari uleule, Git hukataa kuchagua, na ndani ya faili hutokea alama saba za kufungulia, kisha maandishi ya kwenu, kisha alama saba za usawa, kisha maandishi ya mwenzenu, kisha alama saba za kufungia. Nimewaona wanafunzi wakiifuta faili nzima kwa hofu. Kumbe ni swali tu mnaloulizwa, ni ipi kati ya hizi mbili mnayoitaka, na aliye na haki ya kulijibu ni nyinyi wawili mkiwa mmekaa pamoja. Mkishaamua, ondoeni alama zote, ijaribuni programu, kisha hifadhini.

Sasa wenzako. Wa kwanza kumwendea ni yule ambaye kazi yake uliiandika upya. Mwombe radhi, kisha umwombe akueleze alichokuwa amefanya, kwa sababu kutokuelewa msimbo wa mtu si ushahidi kwamba msimbo huo ni mbaya. Huenda ukakuta baadhi ya alichoandika kinafaa kurudishwa. Yeye ndiye mwenzako aliyefanya kazi kwa wakati, nawe ndiye uliyemnyamazisha kwa kumnyang'anya. Msipopatana nyinyi wawili, hakuna ratiba ya siku tisa itakayowasaidia.

Asiye na kipakatalishi asichukuliwe kuwa hana mchango. Maabara ya chuo ina kompyuta, na zaidi ya hapo watu wawili wanaweza kufanya kazi kwenye mashine moja, mmoja akiandika na mwingine akisoma na kuuliza, wakibadilishana kila nusu saa. Hiyo ni njia inayotumiwa na waandishi wa programu wanaolipwa mshahara, na makosa mengi huonekana papo hapo. Mpeni pia kazi ya kukokotoa majibu kwa mkono kabla mfumo haujakokotoa. Mkopo wa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, usipolipwa kwa miezi mitatu, huzaa riba ya shilingi 3,000 ikiwa chama hutoza riba sahili, na shilingi 3,310 ikiwa riba nayo huzaa riba. Ni ipi mliyoiandika? Je, wote watano mnajibu sawa? Mtu aliyekaa na kalamu akauliza swali hilo amewasaidia kuliko aliyepanga vitufe vya skrini.

Yule wa duka la M-Pesa ana jioni zilizokwisha, lakini ana asubuhi, na kila siku anaona jinsi watu wanavyokosea namba na kiasi cha fedha. Mwombeni aorodheshe makosa hayo na aandike sehemu inayoyazuia. Kuhusu anayesoma bila kujibu, mpigie simu, na ikiwezekana uende umwone ana kwa ana. Wengi wanaonyamaza huwa wamekwama siku nyingi na wanaona haya kukiri. Mpe kazi ndogo inayoweza kumalizika kwa siku mbili, kwa mfano kuchapisha taarifa ya mwezi ya mwanachama mmoja, na mkubaliane saa ya kuionyesha.

Akishindwa hata hapo, mwende nyote mwone mhadhiri wenu sasa, siku zikiwa bado zipo. Kumbukumbu za Git zitaonyesha nani aliandika nini, tarehe gani na saa ngapi, ingawa zinafaa kusomwa kwa busara, kwa kuwa kazi ya aliyekokotoa kwa kalamu au aliyekaa pembeni ya mwandishi haionekani humo. Kwa sababu hiyo andikeni katika ripoti, kwa sentensi chache za kweli, kila mmoja alifanya nini. Jina la mtu likiondolewa, liondolewe na mhadhiri baada ya mwenyewe kusikilizwa.

Jambo la mwisho kwako. Usitafute mtu wa sita wa kuwaokoa. Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu katika kazi ya programu iliyochelewa huichelewesha zaidi. Watu watano wana njia kumi za kuelewana au kutoelewana. Akiongezwa mmoja zinakuwa kumi na tano, na mgeni huyo lazima afundishwe na watu walewale ambao hawana wakati. Afadhali mpunguze kazi. Kama masharti ya mhadhiri yanaruhusu, acheni grafu na jumbe za ukumbusho, mbaki na usajili, michango, mikopo na salio, vyote vikifanya kazi.

SWALI: Mwalimu, katika kikundi chetu cha watu wanne, mwenzetu mmoja alileta sehemu yake ya hifadhidata ikiwa imekamilika kwa usiku mmoja. Tulipomuuliza alikiri kwamba ameandikiwa na programu ya akili unde. Msimbo unafanya kazi, lakini hawezi kuueleza. Wenzangu wanasema tuuache kwa kuwa unafanya kazi. Nifanyeje? (Mwenye Wasiwasi, Rongai)

JIBU: Soma kwanza masharti ya somo lenu, kwa kuwa wahadhiri hutofautiana: wapo wanaokataza kabisa, wapo wanaoruhusu mradi mtaje, na msipojua mwulizeni leo. Kama yanakataza, sehemu hiyo iandikwe upya na mwenzenu, nanyi mmsaidie.

Kama yanaruhusu, bado siwezi kukubaliana na wenzako. Neno "unafanya kazi" lina maana tu baada ya kujua umejaribiwa kwa kitu gani. Fanya jaribio moja dogo: fungua ukurasa wa usajili na uandike jina la ukoo Ng'ang'a. Majina yetu mengi yana ritifaa, ile alama iliyo kati ya herufi, na katika SQL, lugha ya kuzungumza na hifadhidata, alama hiyohiyo hufungua na kufunga maandishi. Ikiwa msimbo umeunda ombi kwa kubandika jina katikati ya sentensi, ritifaa ya kwanza itafunga maandishi kabla ya wakati, herufi zinazofuata zitachukuliwa kuwa amri, na mfumo utaanguka. Mtu mwenye nia mbaya hutumia mwanya huohuo kuandika, mahali pa jina, amri ya kusoma au kufuta jedwali zima. Dawa yake inajulikana: ombi litumwe likiwa na nafasi wazi, na data itumwe kando ili ijazwe humo na hifadhidata yenyewe. Kuondoa ritifaa kwenye majina ya watu si dawa. Jina la mtu ni lake, nasi hatuna ruhusa ya kulikata ili programu yetu ipone.

Jaribio hilo likifaulu au likishindwa, mketishe mwenzenu mpitie msimbo mstari kwa mstari, yeye akieleza. Asipoweza kueleza mstari, auandike upya kwa namna anayoielewa, hata ikiwa ndefu zaidi. Itachukua jioni mbili. Nawasihi mzitoe jioni hizo, kwa sababu mtu huyu anasomea kazi ambayo siku moja itashika fedha au rekodi za matibabu za watu wengine, na huu ndio wakati wake wa kujifunza akiwa na wenzake wanaomtakia mema.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kikundi chetu kilihitaji data ya kujaribia mfumo, nami nikapiga picha daftari la chama cha mama yangu mtaani Kayole, tukaingiza majina, namba za simu, namba za vitambulisho na mikopo ya wanachama wote. Ghala letu la msimbo lipo GitHub, tovuti ya kuhifadhia kazi za Git, na limewekwa wazi ili mhadhiri alione. Jana nilishtuka nikaifuta faili hiyo. Je, yamekwisha? (Mtoto wa Mweka Hazina, Kayole)

JIBU: Marahaba. Hayajakwisha, lakini umeshtuka mapema na hilo ni jema. Git huhifadhi historia yote, kwa hiyo faili uliyoifuta jana bado ipo katika kumbukumbu za juzi, na yeyote anayeingia anaweza kurudi nyuma na kuisoma.

Leo hii, kabla ya jambo lingine lolote, ligeuzeni ghala hilo kuwa la faragha na mumwalike mhadhiri kwa jina. Kisha muiondoe faili hiyo katika historia nzima, au, kama hamjui namna, mfungue ghala jipya lisilo na faili hiyo na kulifuta la zamani. Mtapoteza kumbukumbu za nani aliandika nini, kwa hiyo mwelezeni mhadhiri sababu kabla hajawauliza. Kila mmoja wenu aifute pia nakala iliyo kwenye kipakatalishi chake, pamoja na picha za daftari zilizo kwenye simu na kwenye kikundi chenu cha WhatsApp. Kama faili za ghala hilo zilikuwa na nywila ya hifadhidata, ibadilisheni. Kwa majaribio, tungeni wanachama ishirini wa kubuni, wenye majina yanayofanana na ya kweli na namba mlizotunga wenyewe. Programu fupi inaweza kuwaundia katika dakika chache.

Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019, na majina yaliyoambatana na vitambulisho na madeni ni data ya watu binafsi waliyompa mama yako kwa shughuli za chama peke yake. Mweleze mama leo jioni, mwonyeshe ni kitu gani hasa kilichokuwa wazi na kwa siku ngapi, na umwombe nafasi ya dakika kumi katika mkutano wao ujao uwaeleze wanachama mwenyewe. Huenda wapo watakaokasirika. Wasikilize hadi mwisho, na uwaambie wawe waangalifu wakipigiwa simu na mtu asiyemjua anayetaja mikopo yao.